Rangi ya Fedha

Coventry, Jumamosi, mvua ile isiyonyesha wala kukoma,
nami nimesimama mbele ya kompyuta
kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.
Iko peke yake juu ya meza nyeupe,
haina waya unaoonekana, haina jasho,
rangi yake ya fedha,
na lugha yangu, isiyojua kuficha,
imeshanionya: fedha ni madini, fedha ni pesa,
ukiitaka ya kwanza, toa ya pili.

Pauni elfu nne na mia sita.
Nimeisoma bei kushoto kwenda kulia,
halafu kulia kwenda kushoto, nilivyofundishwa chuoni.
Haikupungua.

Kizuri chajiuza, ndivyo tulivyoambiwa.
Mbona basi hiki kina kijana wa kukiuza?
Callum, jina limebandikwa kifuani,
ananiinamia kama mwenye siri ya ukoo:
"Sikiliza."
Nasikiliza. Hakuna kitu.
"Umeona? Haitoi hata mlio."
Kumbe nauziwa kimya.

Yangu iko nyumbani, juu ya duka la dobi.
Niliipata mnadani, shule fulani ilipofungwa;
ubavuni bado ina kibandiko: CHUMBA CHA 14, USIONDOE.
Feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga,
hata dobi wa chini, Bwana Gurdip, hujua
kwa urefu wa ngurumo harusi ilikuwa ya watu wangapi.

Maana kazi yangu ni kukata harusi.
Saa tisa za video kutoka kumbi za Luton, za Reading,
nazikata zibaki dakika arobaini:
namtoa mjomba aliyegombea biriani,
namrudisha shangazi aliyelia vizuri,
nampa bibi harusi mwanga ambao ukumbi ulimnyima.
Kisha nabonyeza, na mstari wa buluu unaanza kutambaa.
Asilimia mbili.
Asilimia mbili.
Asilimia tatu.

Machi ilifika tisini na saba, ikazima.
Mwanaidi alinisubiri siku tisa zaidi, hakusema neno.
Mama yake alisema kwa niaba yake:
"Mwanangu, ndoa itakwisha kabla ya filamu."

Nikapiga hesabu nyuma ya tiketi ya basi.
Harusi moja, nikitoa nauli, nikitoa mpiga picha,
inaniachia mia na themanini.
Harusi ishirini na sita, basi.
Watu hamsini na wawili hapa Uingereza
inabidi wapendane haraka,
na wazazi wao wakubali,
ndipo hili sanduku liwe langu.

Na kuna jambo sikulitia kwenye tiketi.
Mstari ukifika thelathini, Zulekha huja na kitana.
Ana miaka tisa. Anajua hapo mikono yangu iko huru.
Anakaa chini kati ya magoti yangu,
feni inaunguruma, naye anapiga kelele kuishinda,
ananisimulia nani kamnunia nani darasani,
na kabla ya sitini nimemaliza twende kilioni.
"Mama, imefika ngapi?"
Huwa namdanganya. Nampunguzia kumi.

"Hii," anasema Callum, "saa zako nne inafanya dakika nane."
Dakika nane hazitoshi hata kugawa nywele.

Nikaigusa. Baridi.
Alama ya kidole changu ikabaki pale,
naye akaifuta kwa kitambaa kabla sijageuka.

Ningeondoka. Nilikwisha kufunga vifungo vya koti.
Ndipo nikasikia mdomo wangu ukiuliza
kama wanakubali malipo ya awamu.
"Miezi ishirini na nne," akasema, tayari akivuta karatasi.

Miezi ishirini na nne.
Zulekha atakuwa na kumi na moja,
na pengine hatataka tena kusukwa na mimi.